Jina Langu Limeandikwa Kitete

Mimi ndiye niliyemlisha Mlekwa.
Nianze hapo, maana wengine huzunguka.

Miaka sita, kila jioni ya kazi,
akitoka ofisi ya ardhi, kalamu bado sikioni,
alisimama mbele ya kabati langu la kioo, hapa Isevya,
akainua kidole kimoja.
Kidole kimoja maana yake zege: mayai mawili,
chipsi za kufurika sahani, chumvi bila huruma,
na soda inayotoka jasho.
Maneno ya nini? Nilijua njaa yake
kama kinyozi anavyojua kisogo cha mteja.

Mafuta nilibadilisha Jumapili.
Jumatatu yanang'aa kama asali ya Sikonge,
Jumatano ni chai ya rangi,
Ijumaa, ah, Ijumaa ni usiku wa masika umeme umekatika,
kiazi kikizama humo hukioni mpaka kiibuke chenyewe.
Na Ijumaa ndiyo niliuza sana.
Watu wakasema: Idrisa, leo zina ladha.

Mimi mwenyewe sikuzila.
Kalunde alinifungia hotipoti:
ugali wa mtama, mlenda wa karanga,
siku nyingine michembe na chai tupu.
Nilikula nikiwa nimegeukia ukuta.
Nilijiambia ni kwa sababu ya vumbi.

Mwaka wa nne aliniomba msumari.
Akavua mkanda, akaulaza juu ya meza yangu ya kukatia,
akagonga kwa jiwe, tok, tok,
tundu jipya, karibu kabisa na ncha.
Nikamwambia, "Bosi, mshahara unaonekana!"
Akacheka mpaka akashika kifua,
na pumzi ilichelewa kurudi.

Nilikuwepo. Nilimwona akipumzika
kwenye ngazi tatu za duka la dawa, ngazi tatu tu.
Nilimwona akiomba choo mara mbili kwa sahani moja,
na chupa ya maji ikiisha kabla ya adhana ya magharibi.
Kidonda cha kidole gumba, kisa kiatu,
kilikaa kutoka msimu wa maembe hadi msimu wa maembe.
Yote yalipita mbele yangu
kama treni ya mizigo usiku:
unaisikia, huulizi imebeba nini.

Kisha kidole hakikuinuliwa.
Wiki moja. Tatu.

Alipokuja hakukaa. Mguu una bendeji,
suruali inampwaya, mkanda umerudi matundu ya zamani.
"Idrisa," akasema, "jina lako limeandikwa Kitete."
Daktari, binti mdogo tu, alimuuliza anakula wapi jioni.
Hakuuliza nini. Aliuliza wapi.
Naye, mtu wa viwanja na hati, akataja anwani kamili:
kwa Idrisa, Isevya, mkabala na mashine ya kusaga.
Binti akaandika.
Chini ya presha, chini ya sukari,
chini ya ini lililoshika mafuta kama karai,
nipo mimi, kwa wino wa bluu.

Hakunilaumu. Angenilaumu, ingekuwa nafuu.

Sikuzima moto. Msinitazame hivyo.
Ada ya shule hailipwi kwa majuto.
Mafuta sasa namwaga kila siku ya pili,
chumvi naiacha mezani, achukue atakaye,
na nimejifunza kula nikitazama barabara.

Jana kaja mtoto wa shule, begi mgongoni,
kalamu sikioni.
Akasimama mbele ya kioo.
Akainua kidole kimoja.

Karai lilikuwa linaita.
Hotipoti ya Kalunde ilikuwa bado haijafunguliwa.
"Keti," nikamwambia. "Mlenda unakula?"

Akakunja uso kama niliyemtukana,
akahesabu tena pesa zake kiganjani,
akatazama ng'ambo ya barabara,
kwa yule kijana mwenye kabati jipya
na taa ya kijani.